Bwana Mifugo Anajibu: Kuku wa Mayai Mbona Hawalalii?

Mwezi huu nimeyaweka pembeni maswali ya mdondo na minyoo. Yatajibiwa toleo lijalo. Kuna barua nne zilizonigusa, maana kila moja kwa njia yake inauliza jambo ambalo nimekuwa nikilitazama kwa karibu tangu nilipoanza kazi ya ugani wa mifugo Temeke: mnyama anazaliwa na tabia yake, au anaikuta duniani?

Shikamoo Bwana Mifugo. Niko Mbagala, nafuga kuku wa mayai 60 na wa kienyeji wachache uani. Wa kienyeji akishataga mayai yake kumi na kitu analalia, hata umfukuze anarudi. Hawa wa mayai wanataga karibu kila siku lakini sijaona hata mmoja aliyelalia. Yai likidondoka wanalikanyaga tu na kupita. Shoga yangu anasema ni kwa sababu walitotolewa kwenye mashine, hawakulelewa na mama, kwa hiyo umama hawaujui. Ni kweli? Na nikiwachanganya na wa kienyeji, watajifunza? (Mfugaji, Mbagala)

Marahaba, mama. Shoga yako amefikiri vizuri, na hoja yake inapimika hapo hapo uani bila maabara. Kama kukosa mama ndiko kunakowaharibu, basi kuku wa kienyeji aliyetotolewa mashineni naye asingelalia. Lakini analalia. Wafugaji wengi hapa Dar wanapeleka mayai ya kienyeji kwa wenye mashine. Vifaranga wanarudi wakiwa na siku moja, wanakulia chini ya taa au pembeni ya jiko la mkaa, na ubawa wa mama hawajawahi kuuona. Wakikomaa wanataga, na siku moja unakuta tetea mmoja haji kwenye pumba na wenzake.

Mtazame vizuri siku hiyo. Amejibana kwenye kona yenye giza, amejilaza juu ya mayai, manyoya ya kifuani ameyanyofoa mwenyewe, na ukipitisha mkono chini yake unakutana na ngozi ya moto. Ukimsogelea anavimba, anakoroma, yuko tayari kukudonoa. Kwa siku anatoka mara moja au mbili, anakula haraka haraka, anakunywa, anaacha kinyesi kikubwa, anarudi. Mayai anayageuza kwa mdomo, yale ya pembeni anayavuta katikati. Anaendelea hivyo siku 21. Hakuna aliyemwonyesha. Kuku wa namna hiyo nimewaona kwenye mabanda mengi niliyokuwa nikiyazungukia, na sijapata ushahidi mwingine ulionieleza urithi wa tabia vizuri kuliko wao.

Sasa tuje kwa hao 60 wako. Kuku wote tunaowafuga, wa kienyeji, wa nyama na wa mayai, asili yao kubwa ni kuku pori wekundu wa misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki. Kuku wa porini hutaga mayai machache kwa msimu, kisha analalia. Yule asiyelalia hapati mtoto: mayai yake yanaoza au yanaliwa na nyoka, na jeni zake, yaani vinasaba vyake vya urithi, zinaishia pale pale. Kila kizazi kilichofuata kimetokana na waliolalia, si kwingine. Hata uani kwako ni hivyo hivyo. Vifaranga wa kienyeji unaowaona leo wote wana mama aliyelalia, na bibi aliyelalia, na bibi wa bibi, mpaka huko nyuma kusikohesabika.

Wa mayai wamepitishwa njia ya kinyume. Tetea akilalia anaacha kutaga, kwanza wiki tatu za kulalia, kisha wiki nyingine za kulea. Kwa mfugaji anayeishi kwa kuuza mayai hiyo ni hasara. Kwa hiyo huko Ulaya na Marekani wafugaji waliwachagua tetea waliotaga mfululizo kuwa wazazi wa kizazi kinachofuata, na waliopenda kulalia wakaishia sufuriani. Mashine za kutotolea zilipoenea, tetea asiyelalia akaweza kuacha watoto wengi kuliko anayelalia. Leghorn weupe, ambao chimbuko lao ni Italia, ndio wanaojulikana zaidi kwa hili. Kumkuta Leghorn amelalia ni nadra. Kizazi baada ya kizazi wamefika kwenye kuku anayetaga mayai karibu 300 kwa mwaka, na katika safari hiyo hiyo hamu ya kulalia imechujwa kwenye jeni mpaka ikabaki kidogo sana. Ndiyo maana hata uwachanganye na wa kienyeji hawatajifunza. Hawakuisahau kazi hiyo, walizaliwa bila msukumo wake. Mara chache sana atatokea mmoja akalalia, kwa kuwa uchujaji haukumaliza kila kitu.

Lakini mama, usiondoke ukidhani jeni inafanya kila kitu peke yake. Kinachomtuliza tetea juu ya mayai ni homoni iitwayo prolaktini. Inapanda mwilini mwake, na kuyagusa mayai kwa ngozi ya kifua kunaifanya iendelee kuwa juu. Kiota chenye joto na giza kinasaidia. Sasa mchukue huyo huyo wa kienyeji, damu safi ya kulalia, umuondolee mayai, umuweke kwenye tundu la waya lenye mwanga na hewa inayopita chini ya tumbo. Baada ya siku chache ameacha na karibu ataanza tena kutaga. Jeni zake hazijabadilika hata chembe. Zilimwandaa tu, na bila kiota na mayai hakuna cha kumwasha.

Na kama unataka kuona mambo yote mawili kwa mara moja, fanya wanachofanya wengi huko huko Mbagala: mlalishe kuku wa kienyeji mayai ya bata. Ya bata wa kawaida huchukua wiki 4, ya wale wenye uso mwekundu wiki 5, na kuku mzuri atavumilia. Vifaranga wa bata wakitoka watamfuata huyo kuku kila anakokwenda. Mama yao mzazi hata akipita hawana habari naye. Huko ndiko kujifunza, kunakofanyika saa za mwanzo kabisa za maisha: kiumbe wa kwanza anayetembea mbele yao ndiye mama. Konrad Lorenz wa Austria alilichunguza hilo kwa bata bukini, akawafanya wamfuate yeye mwenyewe, na mwaka 1973 alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel kwa kazi ya namna hiyo. Lakini mvua ikinyesha, dimbwi likajaa uani, wanaingia majini wote. Kuku anabaki ukingoni, anahangaika, anawaita, na hawatoki. Kumfuata kuku walijifunza. Maji walizaliwa nayo.

La kufanya: waache wa mayai watage, na kazi ya kulalia wape wa kienyeji au mwenye mashine. Na kama hao 60 hawana jogoo, usihangaike kumlalisha kuku yeyote mayai yao. Hayana mbegu.

Habari Bwana Mifugo. Nilinunua mbwa German Shepherd akiwa na miezi 2. Aliyeniuzia alinihakikishia ni mkali wa kuzaliwa, akasema mtoto wa nyoka ni nyoka. Sasa ana mwaka na nusu, mgeni akiingia getini anamlaki kwa kutikisa mkia. Mbwa koko wa jirani ndiye anayelinda mtaa mzima. Nimeuziwa mbwa feki? (Msomaji, Tabata)

Salama kabisa. Kwa nyoka msemo huo umesimama: kitoto cha swila kikitoka kwenye yai kina sumu na kinajua kugonga siku hiyo hiyo. Kwa mbwa haujasimama vizuri hivyo. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti uliokusanya majibu ya wenye mbwa kuhusu tabia za mbwa zaidi ya 18,000, pamoja na vinasaba vya zaidi ya 2,000 kati yao. Ilionekana kwamba jeni zina mchango wa kweli katika tabia nyingi, lakini aina ya mbwa, yaani lile jina unalolipia pesa nyingi, inaeleza asilimia 9 hivi tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Umbo na rangi ya manyoya vinafuata jina la aina kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo mbwa wako si feki. Ulinunua masikio yaliyosimama na ukayapata; ukali hakuna aliyekuwa na uwezo wa kukuahidi.

Kwamba upole na ukali vinarithiwa hilo halina ubishi. Mwaka 1959, huko Novosibirsk katika nchi ya Urusi, Dmitri Belyaev alianza kufuga mbweha wa manyoya na kuchagua kitu kimoja tu: nani haogopi wala haumi mkono wa mtu. Hao wachache ndio walioachwa wazae. Hawakufundishwa chochote, na muda wa kuwa na watu ulibanwa makusudi. Vizazi havikufika hata 10, wakawapo mbweha wanaotikisa mkia na kulilia kushikwa. Pembeni yao likafugwa kundi lingine lililochaguliwa kwa ukali, nalo likazidi kuwa kali. Baada ya Belyaev kufariki mwaka 1985, Lyudmila Trut aliyekuwa naye tangu mwanzo aliiendeleza kazi hiyo. Lakini angalia: pale uchaguzi ulikuwa mkali mno, wa tabia moja, kila kizazi bila kuruka. Anayezalisha mbwa uani ili auze huchagua kwa sura.

Halafu kuna wiki za mwanzo. Kuanzia wiki ya 3 mpaka kama ya 12 au 14 mtoto wa mbwa anajifunza nani ni wa kwao na nini si cha kuogopa. Wako inaonekana alikutana na watu wengi wema kipindi hicho, na nakuomba ulihesabu hilo kuwa bahati. Mbwa koko wa jirani amekulia barabarani, anajua kila mguu wa mtaa huo, na anabweka akisikia mgeni. Mlinzi unayemhitaji ni anayebweka, anayeuma atakupeleka polisi. Tafadhali usimfungie kibandani gizani wala kumlisha pilipili ili awe mkali, kama nilivyoona wengine wakifanya. Unapata mbwa mwenye hofu, na mbwa mwenye hofu humuuma mtoto wa nyumba kabla ya mwizi. Na kama hajachanjwa kichaa cha mbwa mwaka huu, mpeleke wiki hii.

Shikamoo Mzee. Babu yangu mzaa mama ni Myao wa Tunduru. Alikuwa akienda porini kutafuta asali anamwita ndege, ndege anakuja, anamwongoza mpaka kwenye mzinga. Nikihadithia kazini Posta hawaniamini. Naomba unisaidie, na uniambie huyo ndege alifundishwa na nani. (Mjukuu wa mrina asali, Gongo la Mboto)

Marahaba, mjukuu. Waambie Bwana Mifugo amesema ni kweli tupu, na kwangu mimi hakuna mnyama wa porini mwenye habari ya ajabu kuliko huyu.

Ni ndege mdogo wa rangi ya udongo udongo, usingemgeuzia shingo. Kwa Kiingereza huitwa honeyguide. Anamjia mtu akitoa mlio wa haraka, kama kiberiti kinachotikiswa, anaruka mti wa mbele, anasubiri, anaruka mwingine. Akifika karibu na nyuki ananyamaza. Mtu anawasha moto, anapuliza moshi, anapasua mti, anachukua asali. Ndege anabakiwa na nta, na nta ndiyo anayoitaka. Mzinga anaujua, lakini shoka hana.

Swali lako la nani alimfundisha ndilo zuri zaidi, kwa sababu wazazi hawamo kabisa. Mama hutaga yai lake kwenye shimo la ndege mwingine, mara nyingi keremkerem, yule ndege anayekula nyuki, halafu anakwenda zake. Kitoto kikianguliwa, kipofu, bila unyoya, kina ncha kali kama ndoano mdomoni, na kwa ncha hiyo kinawaua watoto wa mwenye nyumba gizani mle. Ndoano hiyo baadaye inadondoka. Kinalelewa na keremkerem, ambao hawali nta na hawajawahi kumwongoza mtu yeyote. Kinatoka shimoni, na kinapokuwa ndege kamili kinawafuata binadamu. Kwa maisha ya namna hiyo, hamu ya kumwendea mtu na kumwongoza haiwezi kuwa imetoka kwa walezi. Inaelekea kuwa ameirithi.

Na hapo hapo kuna kitu ambacho hakukirithi. Wayao wa Niassa nchini Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, humwita kwa mlio wa ulimi unaotetemeka ukimaliziwa na mguno, takriban "brrr-hm". Mtafiti Claire Spottiswoode na wenzake walionyesha mwaka 2016 kwamba mtu akitoa mlio huo, uwezekano wa kupata ndege wa kumwongoza unapanda kutoka asilimia 33 hadi 66. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wao hupiga mluzi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2023, Spottiswoode na mwenzake Brian Wood walipeleka sauti za huku kule. Ndege wa Uhadzabeni waliitikia mluzi wa Kihadzabe zaidi ya mara 3 kuliko mlio wa Kiyao. Wa Niassa wakaitikia ule wa Kiyao karibu mara 2 kuliko mluzi. Ndege ni wa aina ile ile. Kuna kila dalili kwamba kila mmoja amejifunza, akiwa porini kwao, sauti ipi inaleta shoka.

Kwa hiyo babu yako aliposimama akaita, alikuwa akizungumza na ndege aliyezaliwa na hamu ya kumtafuta mtu, na aliyejifunza kwa wazee wa kwenu ni mtu gani wa kumwamini. Kama mzee yuko hai, mrekodi mlio wake kwenye simu. Nasema hivyo kwa moyo wote. Vijana wengi wa pande hizo hawaendi tena kurina, na mlio usiopigwa hauna ndege atakayejifunza.

Bwana Mifugo shikamoo. Niko kidato cha tatu, Manzese. Nimesikia mbu wa siku hizi wamejifunza kukwepa vyandarua. Mbu ana akili ya kujifunza hivyo? Na huyu wa dengue anayeuma mchana alianzaje kupenda watu? (Mwanafunzi)

Marahaba mwanangu. Mbu si mnyama wangu, lakini swali ni lile lile, nalijibu kwa ufupi. Kinachosemwa ni kujifunza mara nyingi ni kubaki. Kule bonde la Kilombero, vyandarua vyenye dawa vilipoenea, mbu wa malaria aitwaye Anopheles gambiae, anayependa kuingia ndani usiku na kuuma watu, alipungua mno. Aliyebaki kwa wingi ni ndugu yake, Anopheles arabiensis, ambaye huuma hata nje na hata ng'ombe. Hakuna mbu aliyekaa akafikiri. Mmoja alikuwa na tabia inayomleta kwenye dawa, mwingine tabia yake ikamwokoa.

Wa dengue anaitwa Aedes aegypti, na habari yake imechunguzwa kwa jirani zetu, Rabai karibu na Mombasa. Pale waliishi wa namna mbili kilomita chache tu kati yao: weusi wa msituni wanaopendelea kuuma wanyama, na wa kahawia wa majumbani wanaopendelea watu. Utafiti wa mwaka 2014 ulikuta tofauti hiyo imefungamana na jeni moja ya kunusa, inayompa mbu wa majumbani hisia kali zaidi kwa kemikali iliyo nyingi kwenye harufu ya mwanadamu. Na utafiti mwingine wa mwaka 2020, uliolinganisha mbu wa sehemu nyingi za Afrika, ulionyesha kwamba kupenda watu kuko juu penye kiangazi kirefu na penye miji yenye msongamano. Ukifikiri utaona: msitu ukikauka, maji ya kutagia yamebaki kwenye mitungi ya watu, na anayezaliwa mtungini anakutana na mtu kabla ya swala.

Manzese mnahifadhi maji kwenye mapipa na madumu, na Dar imeshapigwa na dengue mwaka 2014 na tena 2019. Mbu huyu hubandika mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai hayo hukaa makavu kwa miezi bila kufa. Kumwaga maji tu hakutoshi. Sugueni kuta za pipa kwa brashi kila wiki, kisha mfunike.